Mia Tano Mbili

Bei iko ukutani kwa chaki:
mia tano imefutwa kwa kiganja,
elfu moja imekalia vumbi lake.
Khaukha hamtazami mtu usoni.

Mashine ya kwanza ilikufa msimu wa mvua.
Mpya aliifuata Kampala,
akarudi Mbale na nauli tu, na jibu la muuzaji:
"Hiyo ni bei ya ndama wawili, mzee."
Gemu huuzwa kando,
kama kununua sufuria, kisha ulipie mfuniko.

Wabwire ana mia tano. Mudoma ana mia tano.
Benchi moja, padi moja.
Wabwire kashika kushoto: miguu ni yake.
Mudoma kashika kulia: mashuti ni yake.
"Kimbia!" "Piga!" "Bado!" "Piga basi!"
Mchezaji wao anayumba kama mlevi wa malwa,
anakipita kibendera cha kona,
anapiga hewa.

Wamefungwa saba.
Kisha, sijui vipi,
mguu na shuti vikakutana.

Kelele zile! Simu yangu niliyoleta kuchaji
ikaanguka chini.

Muda wao ulikuwa umekwisha zamani.
Khaukha, ambaye uniti za umeme zinamnyima usingizi,
alikuwa anatafuta chaki
aliyoishika mkononi.