Nchi Ulizowahi Kutembelea

Fomu ilikuwa na mistari mitatu tu kwa swali hilo,
mifupi, ya watu wa kwenda Mombasa na kurudi.
Nilimsomea kwa sauti. Miwani ameisahau Keko, alisema;
huenda hakuwahi kuwa nayo, sikuuliza.
Ausi Chinduli. Mlinzi, ghala la katani, Kurasini.
Kofia mkononi, kisigino kwa kisigino,
kana kwamba kaunta yangu ina bendera.

"Mzee, umewahi kutoka nje ya nchi?"
"Sijawahi kusafiri, binti."
Nikaanza kupiga mstari. Kalamu haijafika ukingoni
akaongeza, polepole, kama anayerudisha chenji iliyozidi:
"Ila nimepelekwa."

Alipelekwa Abisinia, miguu mitupu hadi mto Juba,
na kule milimani, Gondari, ndiko alikojua
kwamba maji yanaweza kulala ndani ya chupa
na asubuhi yakakataa kuamka.
Alipelekwa Bukini. Wafaransa wamelaza miti njiani,
mti juu ya mti, maili baada ya maili.
"Tulishika shoka kuliko bunduki. Vita vya kuni.
Na kuni zilituua."
Akanyamaza. Bwana Lugendo, wa mihuri, akakohoa,
foleni nyuma yake ikabadilisha mguu.
Kisha Silani, kufundishwa kutembea msituni.
"Mimi, Myao wa Tunduru, nifundishwe msitu!"
Akacheka, kicheko kifupi kama cha kukata uzi.
Kisha bahari tena. "Meli iliyotufuata
ilizama kabla sigara yangu haijaisha."
Kisha Bama.

Bama hakuisimulia.
Alikunja suruali, akanionyesha muundi,
makovu meusi ya ruba,
na kiatu kilichojazwa kitambaa
mahali pa vidole viwili.
"Bonde la Kabau. Andika, ukipata nafasi."

Sikupata nafasi. Niliandika pembeni,
nikauzunguka ukingo, nikageuza karatasi kichwa chini,
Bukini ikaangukia kwenye kisanduku cha Jina la Mke.

"Pasi uliyosafiria wakati huo, nambari yake?"
Akachomoa shingoni kibati chenye tundu,
nambari ya Keya, imelika na jasho.
"Nimevuka na hiki. Kila mahali walikisoma,
wakahesabu, wakasema: pita.
Hata siku moja sikuulizwa nimefuata nini."

Kusudi la safari.
Hapo wengi husema biashara, matibabu, hija.
Yeye aliitazama feni, ambayo haikuwa inazunguka.
"Nataka siku moja nifike mlangoni kwa watu, mchana,
bila mzigo wa mtu mgongoni.
Wa mlangoni aniulize: wewe nani, unataka nini?
Nimjibu. Au nisimjibu,
nigeuke zangu, nirudi."

Niliandika: matembezi.

Akaja tena baada ya miaka kumi,
mkongojo upande wa mguu ule.
Pasi imeisha muda. Nikaipekua kutafuta mihuri,
ukurasa kwa ukurasa, karatasi zikigandana
kwa kutofunguliwa. Nyeupe. Nyeupe.
Ilikuwa na harufu ya karafuu na mto wa sufi.

"Hukwenda popote, mzee?"
Alinitazama kama mtu aliyeulizwa
kwa nini maji yanalowesha.
"Niende wapi? Nikilala naiweka chini ya mto.
Alfajiri nafumbua macho, niko palepale,
Keko Magurumbasi, bibi yako ananigombeza
mkaa umelowa, nani aliuacha nje.
Hajaja mtu kunichukua."

Akasukuma noti juu ya kaunta,
zimekunjwa mara nne, moto wa mfukoni.

"Niongezee kumi mingine."