Ukingo wa Kinyungu

Machi ile mto ulipita kinyunguni kwetu
bila hodi. Ulibeba matuta manne ya kabichi,
ndoo, na kiatu kimoja cha Lusungu.

Wahenga walionya: usipoziba ufa utajenga ukuta.
Nikajenga ukuta.
Mifuko tisa ya saruji kutoka Mafinga,
mkopo wa kikundi, deni hadi njegere zikomae.
Mvua za mwaka wa pili ufa ukahamia nyuma ya ukuta,
ukuta ukalala kifudifudi mtoni
kama mlevi wa ulanzi.

Sekalinga hakunicheka. Alivua viatu.
"Ukiyakunjia maji ngumi, nayo yanakunja."
Akakata matete kwenye kinamasi cha chini,
vipande vya urefu wa mkono, macho matatu kila kimoja,
akavichomeka mshazari, vichwa vikifuata yanakokwenda maji,
akashindilia kwa kisigino.
Mbele yake vigingi vya mwanzi, na fito akizipitisha
ndani, nje, ndani,
kama anaanza kikapu cha milulu.
Nyuma, miche ya mivengi, mifupi kama vijiko.
"Hii si yako," alisema. "Ni ya mjukuu wa deni lako."

Nilitazama kilimani: milingoti ya baba,
iliyonisomesha
na kuinywa chemchemi.

Kiangazi chote ukingo ulikuwa aibu ya vijiti.
Mbuzi wawili walionja, wakaghairi.
Kisha asubuhi moja ya ukungu, jicho likafumbuka,
kijani, jembamba kama ulimi wa nyoka.

Desemba maji yalirudi na kelele zile zile
yakakuta miguu elfu imesimama njiani.
Yakapunguza mwendo.
Na apunguzaye mwendo hutua mzigo.

Mzigo wenyewe ulikuwa udongo mwekundu, si wetu.
Ulikuwa wa Chengula, wa shamba la juu;
tangu kesi ya mpaka tunasalimiana kwa kukohoa.
Katikati ya matete yangu likaota haragwe lake, lile la madoa.

Jumapili, baada ya ibada, akashuka na jembe.
Nikajua: kafuata udongo wake.
Akalitazama haragwe muda mrefu.
Akakohoa. Nikakohoa.
"Hayo matete," alisema, "nipatie mbegu."

Nikamkatia mzigo mzima,
macho matatu kila kipande.