Zamu ya Ngazi

Kadi yenyewe ni ya karatasi ngumu,
ina kitundu na uzi wa sufu,
hati ya mtu aliyekufa kabla sijazaliwa:
ZAMU YAKO KUOSHA NGAZI.
Ukiikuta Ijumaa inaning'inia kwenye kitasa chako
hakuna rufaa. Unachukua ndoo.

Jengo la mawe mekundu, Dennistoun, Glasgow, ghorofa ya pili.
Mama yangu, Senga Moncrieff, mlango wa kushoto.
Ina Cuthill, mlango wa kulia.
Kati yao hatua tatu za sakafu
na miaka thelathini na mmoja ya kuazimana sukari,
funguo,
na mara moja, gauni jeusi la mazishi.

Ukaja mwaka wa kura,
na swali fupi kuliko oda ya chipsi:
Je, Uskoti iwe nchi huru?

Ina akabandika NDIYO dirishani.
Mama hakubandika kitu. Alisema dirisha ni la kuingiza mwanga,
ila siku ile alikisugua kioo
kana kwamba kimemtukana.

"Pensheni yangu," aliuliza pale mlangoni,
"nitalipwa kwa pesa yenye sura ya nani?"
"Sura yoyote, Senga, mradi anayelipa tumjue anakoishi.
Nguo ya kuazima haisitiri matako."
"Na zimwi likujualo halikuli likakwisha."
"Lilimkula Dod wangu," akasema Ina.
"Lilifunga karakana ya meli, likamrudisha nyumbani
akakae kwenye kiti kile mpaka akakwisha."

Dod hakuwahi kutajwa katika ubishi wowote.
Milango ikafungwa polepole,
na huko ni kubaya kuliko kubamizwa.

Mchinjaji wetu, Tannock, alikata nyama kimya miezi yote ile,
maana pande zote mbili hula soseji.
Mwanangu Struan, miaka kumi na sita, kura yake ya kwanza,
alikunywa chai kushoto, akanywa chai kulia,
akagoma kusema.
Mimi nilikuwa na jibu moja asubuhi
na jingine nikishaona bili ya gesi.

Siku yenyewe Mama alibeba kalamu yake ya wino.
Alisikia kwamba penseli za kituoni hufutika.
Kwenye foleni, ukumbi wa shule, mbele yake alisimama Ina,
na kalamu yake ya wino.
Waliangaliana vidole.
Ningetoa chochote wacheke.

Alfajiri, Hapana ilikuwa imeshinda.
Mama hakushangilia. Alisikia redio ya Ina ikizimwa
ng'ambo ya ukuta uleule uliotupitishia
vikohozi, harusi, na usiku wa mwisho wa Dod.

Na ilikuwa Ijumaa.
Na zamu ilikuwa ya Ina.

Mama alisimama na kadi mkononi, soksi bila viatu.
Utamtundikiaje mtu maneno hayo, asubuhi kama hiyo?
Akairudisha kwenye droo ya vijiko,
akaosha yeye.
Ijumaa ya pili akaosha. Ya tatu vilevile, magoti yakilia,
mpaka mlango wa kulia ukafunguka.

"Unanioshea ngazi kama mgonjwa?"
"Nilidhani—"
"Nimeshindwa kura, Senga. Sikushindwa mikono.
Lete kadi."

Sitasema walirudi kuwa kama zamani.
Sukari waliazimana. Habari ya saa tatu usiku
kila mmoja aliitazama kwake, sauti chini.

Mama tumemzika Machi.
Ninafungasha vikombe vyake ndani ya magazeti
ambayo bado yanabishana jambo lilelile.
Dirishani kwa Ina ile NDIYO imepauka,
ina rangi ya maziwa yaliyoongezwa maji,
na gundi imegoma kuachia.

Jana alinishika mkono pale kwenye ngazi.
"Ikija tena, wewe utapiga vipi?"
Nikafungua kinywa.
Hakungoja. Alikuwa ameshaanza kushuka,
ukuta mkono mmoja, kijiti mkono wa pili.

Leo ni Ijumaa. Kitasani pangu
kuna kitu kinagonga mbao kila upepo ukipanda.
Natafuta ndoo.