Tundu Lililochapwa

Mita sita zimefika kutoka kiwandani.
Wytske anafuta makombo ya mkate mezani,
anafuta na duara la kikombe cha kahawa,
ndipo anakitandaza.

Chiti. Pamba iliyong'arishwa, inayonong'ona ikikunjwa,
na juu yake maua yasiyoota popote duniani,
nusu komamanga, nusu waridi,
yenye vikonyo virefu kama watu wanaochungulia.
Buluu tupu juu ya weupe. Nyekundu hakuna.
Zamani hapa Hindeloopen buluu hiyo ilitosha kusema
nani amefiwa, na msiba ni mbichi kiasi gani.
Haikuhitaji maneno pindoni.

Sjoukje wa makumbusho amesisitiza:
koti liwe kama lile la kabatini,
sindano kwa mkono,
cherehani isiguse hata bitana.

Sasa chaki mkononi, anapima bega,
na kidole kinasita.
Petali moja haikukaa sawa. Uzi juu ya uzi,
chini, juu, chini, vijimraba kama vya chekeche.
Anauchokoza kwa ukucha. Hautoki.
Ni wino.

Sentimita arobaini na moja mbele, upo tena.
Na tena.

Walipopiga picha kile kipande cha kale
mashine haikujua adabu:
ilichukua ua, ikachukua na tundu,
na mkono wa aliyeliziba.
Jina lake halimo kwenye kadi.
Alikaa karibu na dirisha, nadhani, mwanga ukiisha,
akatililia kwa uzi uliozidi weusi kidogo,
akiomba kanisani mtu asitazame.
Haya. Mita sita za aibu yake.

Wytske anaweza kukwepa.
Kata huku, geuza kule, kitambaa kinatosha,
na fundi mzuri ni yule anayeficha.
Anashika mkasi. Anauweka.

Anatafuta kwenye kopo la biskuti
uzi wa buluu, uliozidi weusi kidogo.
Anavaa kastabini.

Douwe anaingia na viatu vyenye tope,
anasimama nyuma yake, anasoma mkono wake.
"Unaziba nini hapo?"
"Tundu."
"Mbona kitambaa ni kizima?"
Anauma uzi, anaufunga fundo.
"Vua viatu," anasema.