Hesabu, Saskatoon

Nje nyuzi thelathini chini ya sifuri.
Chumba cha kufulia, ghorofa ya chini ya bweni,
Ingrid analia juu ya soksi mbichi.
Kemia imemwangusha.
Huzuni yake anaitaja kwa jina, kama binamu;
kwao ilitengewa kiti mezani.

Kwetu baba alisema: nyamaza, hesabu mpaka kumi.
Nilihesabu. Nikawa bingwa wa hesabu.
Juzi nimepata tisini na sita,
nikakosa wa kumpigia.

Sasa nimesimama na sabuni mkononi:
moja, mbili,
mashine inazunguka,
tatu, nne.
Tano, naketi sakafuni. Sina neno.
Naazima la mama, alilokuwa akilinong'ona
mlangoni, baba akishalala:

umekula?