Taa Iliyozibwa

Baba aliiziba taa ya injini kwa selotepu nyeusi,
kipande cha ukubwa wa ukucha.
"Hiyo yapenda makuu tu," akasema. "Gari ni zima."
Akaiendesha Probox miaka mitatu,
Mtongwe kwenda Shimanzi, Shimanzi kurudi Mtongwe,
na kikohozi chake akakiita vumbi.

Sasa gari ni langu.
Juzi, kwenye mteremko wa feri pale Likoni,
likatetemeka kama mtu aliyemwagiwa maji ya kisima,
likazima, likawaka, likazima.
Nyuma honi, mbele askari akinipungia,
kana kwamba mimi ndiye niliyetaka kulala pale.

Fundi Mwachiti hakufungua boneti. Alinusa.
"Injini yataka kushushwa. Arubaini na tano elfu,
na hiyo ni kwa heshima ya marehemu."
Mimi mwalimu wa hesabu:
niliigawanya kwa mshahara,
nikabaki na baki.

Mwembe Tayari nikanunua kidude,
elfu moja na mia, plastiki ya buluu,
kidogo kuliko kibiriti.
Usiku, uani, watoto wakigombania tochi,
nikapapasa chini ya usukani
mpaka kidole kikagusa tundu lenye matundu kumi na sita,
lililokuwepo siku zote,
halijaulizwa neno.

Simu ikafikiri. Ikaandika:
P0303.
Silinda ya tatu haichomi.
Basi.
Haikutaja kushusha kitu.
Haikumtaja marehemu.

Nikafanya nifanyavyo kwa wanafunzi wanaoibiana mtihani:
nikawabadilisha viti.
Koili ya tatu ikaenda kwa ya kwanza, ya kwanza kwa ya tatu,
nikalifuta kosa, nikawasha, nikangoja.
P0301.
Kosa limehama na mwenyewe!
Nikacheka hadi jirani akafungua dirisha.
Koili ya mtumba, elfu moja mia nane,
bolti moja, spana namba kumi.

Kesho yake, kwenye matuta, gurudumu la kushoto likalia *ng'wii*.
Kidude: hakuna hitilafu.
Nikakichomeka tena. Hakuna hitilafu.
*Ng'wii.*
Nikarudi kwa Mwachiti, macho chini.
Akaegemeza bisibisi kwenye chuma, mpini sikioni,
akafumba macho.
"Beringi," akasema. "Hicho chako hakina masikio."
Akataja bei ya haki,
kisha, akijifuta mikono kwa muda mrefu mno,
akaniomba nimwazime Jumamosi.

Selotepu nimeibandua.
Gundi imebaki, haitoki hata kwa mafuta ya taa.
Nikizungusha ufunguo taa huwaka kidogo,
kunionyesha kuwa ipo,
kisha hulala yenyewe.

Mama siku hizi hushika ubavu akipanda ngazi.
Asema si neno.
Nimemwambia avae viatu.