Dakika Kumi na Moja za Uziwi

Gyumri, Februari. Theluji imeziba nusu ya dirisha la chumba cha seva;
nusu ya juu inaonyesha nguzo ya taa na paa la bati.
Nvard amevaa koti la marehemu babake,
maana humu baridi hununuliwa kwa pesa
na nje inagawiwa bure.

Kazi ya mashine hii ni kusikiliza ardhi.
Programu moja, Sikio, hupokea minong'ono ya miamba
kutoka vijiti kumi na vinane vilivyochomekwa milimani.
Nvard amezitia kufuli kurasa zake za kumbukumbu:
zisihamishwe, zisipelekwe diskini kulala.
Ukurasa uliolala huchelewa kuamka,
na tetemeko halibishi hodi.

Ila kiini cha mashine ni mwenye nyumba mkarimu wa mdomo.
Programu ikiomba chumba: chukua.
Ikija ya pili: chukua.
Huahidi nyumba tatu kwa matofali ya mbili,
kikijua wengi huomba na wasihamie.
Ahadi ni deni,
na kuna usiku wadai wote huhamia pamoja.

Hapo kiini huweka ukarimu chini, kikashika panga.
Hakina chuki. Kina hesabu.
Humpima kila mpangaji: wewe umekula kiasi gani?
Mnene hutangulia. Hafungi hata sentensi.
Vyumba vyake wanagawana waliobaki.
Kufa kufaana.

Isipokuwa mwenye alama.
Mwandikie mtu toa elfu moja, na panga litampita
kama vile hajazaliwa.
Nvard aliipa Sikio alama hiyo mwaka wa kwanza. Sikio peke yake.

Saa nane na dakika sita usiku
mashine ilianguka yote, na Sikio ndani yake.
Ikainuka saa nane na dakika kumi na saba.

Asubuhi anasoma shajara, kidole kwenye kioo.
Mchora ramani za wizara: haguswi.
Barua za mkurugenzi: haziguswi.
Mishahara: haiguswi.
Hata kiprogramu cha kuhesabu karatasi za printa,
nacho kina alama, kimejikunja kama paka wa ikulu.
Kiini kilizunguka na panga nyumba nzima
kisipate shingo.
Kikaandika mstari mmoja, *hakuna wa kuua*,
kikaiangusha nyumba.

— Smbat, ramani uliziwekea alama lini?
— Mwaka juzi. Zilikufa mara mbili mbele ya waziri.
Akapuliza kahawa yake.
— Na wewe, kufuli la Sikio
mbona kila mwaka linanenepa?

Kweli. Alikuwa akiongeza kidogo,
kidogo tena, kwa tahadhari.
Na chumba kilichotiwa kufuli, hata kikiwa kitupu,
jirani hapangi.

Akashuka chini ya jengo, kwenye ngoma ya zamani ya karatasi
ambayo hakuna aliyeitoa kwa uzito wake.
Sindano ilikuwa bado inaandika.
Saa nane na dakika kumi na moja: kikunjo,
chembamba kama kope lililoanguka shavuni.
Kiasi cha kutikisa chai. Mji ulilala.
Alisimama pale mpaka miguu ikafa ganzi.

Mchana akafuta alama, moja baada ya moja,
na kila moja ilimletea mtu mlangoni.
Kufuli la Sikio akalipunguza nusu.
Halafu akafungua kazi yake mwenyewe,
ile ya miaka sita, inayopanga matetemeko ya kale
na inayokula kuliko wote,
akaandika elfu moja.
Bila ya toa.

Jioni Smbat akapita, akaiona namba,
akavuta kiti.
Hakusema kitu.
Ila alipoondoka, ramani nazo zilikuwa na mia tisa.